Kitanzi cha Mkwe Wangu

Mdomo wangu umekula chumvi nyingi, lakini siku hiyo ulinila mimi mwenyewe. Sogeeni.

Kwa aliyechelewa kufika: nina mtoto mmoja wa kiume, mfyatua matofali, watu humwita Tingatinga kwa jinsi anavyokanyaga udongo. Mkewe amemzalia watoto watano, wote wavulana, wote wakorofi kama babu yao. Wa mwisho alipozaliwa, mama yake alitokwa na damu mpaka tukang'oa mlango wa jikoni tukambeba juu yake hadi zahanati.

Alipona. Lakini nesi alinivuta kando akaniambia, "Bibi, huyu akishika mimba nyingine kabla mwili haujakaa sawa, mlango mtarudi nao, mtu hamtarudi naye."

Mwanangu alipoelezwa akasema watoto ni baraka, kila mmoja huja na sahani yake. Sahani hizo sijaziona mpaka leo. Wajukuu zangu wanakula sinia moja, wakinyang'anyana.

Mkwe wangu akachukua vidonge, akavificha ndani ya kopo la chumvi. Kumbe siku hiyo mchuzi ulikuwa chapwa, na mwanangu, ambaye tangu aoe hakuwahi kujua jikoni kuna rangi gani, akainuka kufuata chumvi mwenyewe. Vidonge vikaishia chooni.

Akaenda kuomba sindano. Zahanati wakamwambia zimekwisha, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao wakamwambia rudi mwezi ujao. Wao hawajui kwamba tumbo halina subira ya kungoja mwezi ujao.

Ndipo tukasikia kuna nesi wa gari anapita vijijini kuweka vitanzi. Kwetu atakaa pale zahanati siku moja tu, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyana. Mvua ikishuka, barabara yetu hugeuka bwawa, na gari lolote tutalisikia kwa masimulizi mpaka baada ya mavuno.

Kitanzi, kwa wanaume mnaosoma kwa kujificha, ni kidude kidogo kama herufi ya T. Nesi hukiweka ndani ya mji wa mimba, mwanamke akakaa miaka bila kushika mimba. Akitaka kuzaa, kinatolewa. Aliyekipa jina hilo sijui alikuwa na ugomvi gani na wanawake. Si angekiita hata kipepeo?

Basi mimi na mkwe wangu tukapanga. Siku hiyo mwanangu alikuwa anachoma tanuri la matofali, na tanuri likishawashwa haliachwi, linakaliwa kama mgonjwa. Mkwe angebeba kamba na panga kama anayekwenda kutafuta kuni. Nani humuuliza mwanamke mwenye kamba na panga anakwenda wapi?

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikieni akili zetu zilivyotuponza.

Asubuhi tulikuwa nyuma ya jiko, tunanong'ona.

"Mama, naogopa. Wanasema kinauma."

"Kinauma kidogo tu, mara moja, basi. Baada ya hapo ni raha mustarehe."

"Leo natia kitanzi, mama, liwalo na liwe. Nimechoka. Nataka nipumzike."

"Kapumzike, mwanangu. Watoto niachie mimi."

"Na baba yao je?"

"Akija kujua, mambo yatakuwa yameshakwisha. Atakufanya nini?"

Nikamvua kanga yake iliyochakaa, nikamfunga yangu mpya. Akaenda.

Haya, rudini juu mkayasome maneno hayo upya, safari hii kama mtu ambaye hajawahi kusikia habari za nesi wa gari.

Mtu huyo alikuwepo. Ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunayemwita Shangazi Redio kwa sababu akiwaka hazimiki. Sikio lake moja limestaafu, lakini lililobaki linafanya kazi ya mawili. Alikuwa amekuja kuazima ungo. Alisimama upande wa pili wa ukuta, akasikia kila neno. Ungo akausahau. Akashika njia ya tanurini, mbio, na umri ule.

Mimi nimekaa nachambua mboga, najisifu moyoni kwa ujanja, mara mwanangu huyo anaingia uani. Majivu mpaka kwenye kope. Hakuniamkia. Akatazama msumari wa ukutani.

"Mama, kamba iko wapi?"

"Mkeo kaenda nayo."

"Kwenda nayo wapi?"

"Kuni."

Akageuka kutazama kuni. Zilikuwa zimepangwa hadi dirishani. Yeye mwenyewe alizipasua juzi, masalio ya tanuri. Mpango wetu ulikuwa na tundu kubwa kama la choo, na wote wawili hatukuliona.

"Mama," akasema. "Mke wangu amekwenda kutia kitanzi?"

Nikajua siri imetoka. Nikasema moyoni, basi, yakimwagika hayazoleki, afadhali niongee kama mtu mzima.

"Kaa chini, mwanangu. Ndiyo. Ni uamuzi wake, usimlaumu. Mimi ningekuwa na umri wake, kwa mambo anayoyaona humu ndani, ningetia zamani."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Na wewe ulimruhusu?"

"Nilimruhusu. Tena nimempa na kanga yangu mpya, asije akaonekana hana watu."

Mwanangu akashika kichwa kwa mikono miwili. Akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mwanamume.

"Mama! Mti gani?"

"Mti gani, nini?"

"Ameenda mti gani? Sema, mama, huenda bado tukawahi!"

Mboga zikanidondoka. Nikamwona wifi yangu mlangoni, kanga kaifunga kiunoni, machozi yanamchuruzika. Hapo nikaelewa. Walikuwa wanazungumzia kitanzi kingine.

Nikafungua mdomo nimwambie. Halafu nikaufunga.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo panaponikosesha raha. Ningesema, "Mkeo yuko zahanati," angekwenda kumtoa hata kama yuko kitandani. Gari lingeondoka. Mvua ingeshuka. Na ule mlango wa jikoni, ambao fundi ameurudisha juzi tu kwenye bawaba zake, ungeng'olewa tena.

Nisiposema, mwanangu angelia. Nikajiambia, kilio hakijaua mtu. Damu imeua.

Nikasema, "Sijui mti."

Kijiji kizima kiliingia msituni. Fundi baiskeli akaacha gurudumu la mtu likining'inia. Wanawake wakaacha maji kisimani. Watu walitembea wameinua nyuso juu, wanajikwaa kwenye visiki, wanaangukiana. Fundi baiskeli aliona kitu kinaning'inia kwenye tawi akapiga yowe, nusu ya watu wakalala chini. Kilikuwa kiota.

Mimi niliwafuata nyuma, mjukuu wa mwisho mgongoni. Nilikuwa nalitazama jua, nalisukuma kwa macho. Kila linaposogea nasema, sasa zamu yake imekaribia, sasa kapanda kitandani, sasa bado kidogo.

Shangazi Redio hakunipa nafasi ya kupumua.

"Huyu hapa!" alikuwa akimwambia kila tunayekutana naye. "Mama mkwe gani huyu! Mtoto wa watu anamwambia naogopa, yeye anamwambia kinauma mara moja tu! Raha mustarehe! Nimesikia kwa sikio langu hili zima!"

"Bibi, ni kweli ulisema hivyo?" akaniuliza fundi baiskeli.

Ningejibu nini? Nilisema hivyo.

"Nilisema."

"Na ukasema watoto atakuachia?"

"Nilisema."

Mwanamke mmoja, ambaye mimi ndiye niliyempokea mtoto wake wa kwanza, akatema mate karibu na mguu wangu. Nyuma yangu nikasikia neno mchawi. Kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mwingine akasema nifungwe mikono kabla sijatoroka. Magoti yangu haya, nitorokee wapi?

Niliyameza yote. Nitakuwa mwongo nikisema hayakunichoma.

Kisha akaja mtu mbio kutoka upande wa tanuri. "Tingatinga! Moto umepanda upande mmoja, matofali yako yanapasuka! Njoo uzibe!"

Hiyo ilikuwa kazi yake ya kiangazi kizima. Udongo wote ule aliukanyaga kwa miguu yake.

"Yapasuke," mwanangu akasema, bila kugeuka. "Yaungue yote. Nitayajengea nini, na nani atakaa humo?"

Akaendelea kutazama juu ya miti.

Nikasimama. Sikujua kama anampenda hivyo. Nakwambieni kweli, nilidhani anampenda kama watu wanavyopenda jembe zuri. Na moyo wangu ukauliza swali ambalo bado sijalijibu: mtu anayeweza kuacha tanuri liungue kwa ajili ya mkewe, inakuwaje ashindwe kumwacha apumzike tu?

Wakaiona kamba.

Ilikuwa imefichwa kichakani, karibu na njia panda, pamoja na panga. Mkwe wangu aliona aibu kumwendea nesi na panga mkononi kama anakwenda vitani. Sisi hatukulipanga hilo, alijiamulia mwenyewe. Lakini watu walipoona kamba imelala pale peke yake, wanawake wakaangua kilio kama msiba umethibitishwa.

Mwanangu akakaa chini pale pale. Akaiweka kamba mapajani.

"Jana nilimwambia wa sita atakuwa msichana," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Nikamwambia, safari hii utanipa msichana. Hakunijibu. Alinigeuzia mgongo tu. Mimi nikalala."

Mjukuu mgongoni mwangu akaanza kulia kwa kuona baba yake analia.

Jamani, mimi ni mama. Nilivumilia mate, nikavumilia uchawi. Hilo sikuliweza. Nikainama kwenye sikio lake.

"Mwanangu, nyamaza. Mkeo yu hai."

"Usinidanganye, mama."

"Yu hai. Kitanzi chenyewe si cha shingoni."

Akainua uso. "Cha wapi?"

Sasa niambieni nyinyi. Mama mtu mzima, mbele ya kijiji, utamwambiaje mwanao wa kiume ni cha wapi? Nikaona nimwonyeshe kwa macho. Nikatazama chini.

Naye akatazama chini. Akaona ardhi.

"Ameshazikwa?"

"Hajazikwa!" Likanitoka kwa nguvu hata ndege wakaruka. "Yuko kwa nesi! Zahanati! Anaweka kitanzi cha uzazi, cha kuzuia mimba, Mungu wangu, nyinyi watu mna nini?"

Watu wakashusha macho kutoka mitini.

Nilimwona mwanangu akipata nyuso mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa maiti ikiwa hai. Ulikuwa uso mzuri, nilitamani abaki nao. Lakini nyuma yake wenzake wa tanurini walishaanza kuguna.

"Kitanzi cha nesi? Si ndicho kile kinachonasa waume kama kwale?"

"Utakwama humo, Tingatinga. Tutakuja kukukata na msumeno."

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliotoka kulia. Na uso wa pili ukaufunika ule wa kwanza. Akainuka na kamba yake mkononi. Akaanza kwenda, kisha akaanza kukimbia.

Tulifika zahanati kama harusi isiyo na ngoma. Wanawake waliokuwa kwenye benchi, wengine wakaficha nyuso kwa kanga, wengine wakatoweka. Dereva wa nesi alikuwa anafunga turubai juu ya gari, anatazama mawingu. Mwanangu akagonga mlango wa chumba kwa kiganja.

Nesi akafungua. Kamwanamke kembamba, miwani imeshuka puani.

"Foleni inaanzia kule, baba."

"Namtaka mke wangu."

"Yupo anahudumiwa. Umevaa viatu vya matope, huingii humu."

"Mke wangu!" akaita juu ya kichwa cha nesi. "Uko mzima?"

"Mzima." Sauti ya mkwe wangu ilitoka nyuma ya pazia. "Kwani kuna nini?"

Mwanangu akaegemeza paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Mabega yakatikisika. Watu walikuwa nyuma yake kwa hiyo hawakumwona, ila mimi nilikuwa ubavuni.

"Toka twende nyumbani," akasema taratibu.

"Sijamaliza, baba."

"Hujamaliza nini? Nimekuzika leo. Nimekutafuta kwenye miti, mwanamke wewe, mti kwa mti."

 Pazia likasogea na mkwe wangu akachungulia, kanga yangu mpya kajifunga kifuani. Akaona kamba. Akaona kijiji. Yeye si mjinga, akaelewa haraka kuliko sisi wote.

"Leo umenizika kwa makosa, ukalia hivyo," akamwambia. "Mimba nyingine ikija utanizika sawasawa. Utalia zaidi, lakini sitakuwepo kukubembeleza."

Mwanangu akaitazama kamba mkononi mwake. Nawaapia, nilimwona analainika. Taya lilikuwa linalegea, mkono wenye kamba unashuka. Angeachwa dakika moja tu, moja, angesema neno jema.

"Tingatinga!" mmoja wa wale wa tanurini akapaza sauti. "Nyumba yako siku hizi inaongozwa kutoka nyuma ya pazia?"

Basi. Mwanangu akakaa kizingitini, akanyoosha miguu yake mirefu kuziba mlango kutoka mwimo hadi mwimo.

"Hakuna atakayeingia," akasema. "Na huyu akivaa nguo zake, tunakwenda."

"Mwenye mwili ndiye husema," nesi akajibu. "Dada, unasemaje?"

Mkwe wangu akamtazama nesi. Akamtazama mumewe. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, ingia. Njoo unishike mkono."

Wote wakanigeukia. Mwanangu akainua macho, mekundu ya moto na machozi.

"Mama. Ukiivuka miguu yangu, usiniite tena mwanao."

Nikamshusha mjukuu, nikampa Shangazi Redio. Alimpokea kwa mdomo wazi, kwa mara ya kwanza redio imekosa mawimbi. Nikapandisha kanga yangu hadi gotini. Magoti yangu yana maumivu yake, na ile miguu ni minene. Niliitengeneza mwenyewe tumboni, naijua.

Nikavuka mmoja. Nikavuka wa pili.

Hakunigusa. Hakunizuia. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamfikia mkwe wangu, nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Nyuma yetu mlango ukafungwa kwa kishindo, na nikasikia komeo likipita.

"Afadhali umefunga, mwanangu," nikamwambia nesi.

Nesi alikuwa amesimama kando yangu, mikono mitupu.

"Sikufunga mimi, bibi. Komeo hilo ni la nje."

Nikajikaza nicheke. "Basi wametufungia na kitanda, na mgonjwa, na wewe. Wametusaidia. Fanya kazi yako."

"Kwa kutumia nini?" akasema nesi. "Vyombo vyangu vinachemka jikoni, pale uani. Hapa sina hata kibanio."

Nje, dereva alipiga honi. Tone la kwanza likagonga bati, zito kama kokoto.

Nikakimbilia dirisha, nikasukuma kioo kilichovunjika pembeni. Watu walikuwa wamekimbilia barazani kukwepa mvua, mwanangu yuko uani peke yake, mbele ya jiko la mkaa. Kamba ilikuwa imelala miguuni pake. Alikuwa amefunua kifuniko cha sufuria, mvuke unampanda usoni, anavitazama vile vyuma vinavyorukaruka majini.

"Baba wee," nikaita. Neno "mwanangu" alishaninyima.

Akaishika sufuria kwa mikono yake mitupu ya kufyatulia matofali, akaiinua kutoka motoni, akanitazama, nami sikujua kama anatuletea au anakwenda kuimwaga.